Hendo ilibaki mkononi

Ilikuwa saa tano usiku, mwezi wa Novemba, na mvua ya Leicester ilikuwa ile ya kwao, isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Nilipita chumbani kwa watoto kufunga dirisha nililoliacha wazi kidogo tangu jioni. Nikalivuta, nikazungusha hendo, ikagoma katikati. Nikaongeza nguvu. Ikatoa mlio kama mfupa wa kuku, na nikabaki nayo mkononi, nyeupe, fupi, haina uzito wa maana. Dirisha lenyewe likawa halijafungwa wala halijafunguliwa.

Baba watoto alikuwa zamu ya usiku. Nikampigia shemeji yangu aliyeko Tabata, Dar es Salaam, maana ndiye mwenye mikono katika familia yetu, ingawa kwao ilikuwa saa nane usiku na nilimwamsha. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Shemeji, nondo si zipo? Lala, kesho uite fundi."

Nondo hazipo. Hapo ndipo nilipokaa kitandani kwa mtoto na kuelewa kitu ambacho miaka sita ya kuishi katika nchi hii haikuwa imenifundisha. Mimi nimekulia Tanga. Dirisha la kwetu lilikuwa na nondo za kuzuia mwizi, wavu wa kuzuia mbu, na pazia la kuzuia macho ya majirani. Kioo kilikuwa kwa ajili ya upepo wa mvua tu, na kikomeo chake hata kikikatika hakuna aliyepoteza usingizi. Uingereza kazi zote hizo, ukiacha ya mbu na ya pazia, zimekabidhiwa fremu ya plastiki na hendo moja yenye urefu wa kiganja. Hendo ikivunjika, baridi inaingia, joto ulilolilipia linatoka, na mtu yeyote mwenye ngazi anaweza kuingia. Usiku ule nililifunga dirisha kwa kanga. Nikaipitisha kwenye kisiki cha hendo kilichobaki ukutani mwa fremu, nikaikaza kwenye bomba la rejeta ya kupasha joto iliyo chini yake, nikapiga fundo la mwanamke anayejua kufunga mzigo.

Kwa wasomaji ambao madirisha yao ni ya mbao au ya aluminiamu, niseme kidogo hii plastiki ni plastiki gani. Ni ndugu wa lile bomba la maji jeupe au la kijivu mnalolijua, la PVC. Mjerumani Fritz Klatte alipata hataza ya namna ya kuitengeneza mwaka 1913. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon akagundua jinsi ya kuilainisha kwa kuichanganya na kemikali nyingine, na hiyo laini ndiyo iliyozaa makoti ya mvua na ngozi ya nyaya za umeme. Ile isiyolainishwa ikabaki ngumu, ikawa mabomba, na katika miaka ya 1950 huko Ujerumani ikaanza kuwa madirisha. Waingereza waliipokea kwa mikono miwili, hasa kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu haiozi kama mbao na haihitaji rangi. Ukipita mitaa ya nyumba za matofali mekundu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, utaona karibu kila moja imevaa madirisha ya plastiki meupe, kama bibi aliyewekewa meno mapya.

Fremu ikitunzwa inadumu miongo. Hendo haidumu hivyo. Ile yangu niliiangalia asubuhi kwenye mwanga, pale ilipokatikia. Ndani ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama chumvi ya mawe. Si chuma cha pua wala si shaba, hata zile zinazong'aa kama dhahabu. Nyingi zimetengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, kisha ikapakwa rangi. Ni njia rahisi na inatoa umbo safi, lakini madini ya namna hiyo hayajui kupinda. Chuma ukikizidishia nguvu kitapinda kikuonye. Hii inavumilia kimya kimya hadi siku inapokatika.

Nikaenda kwenye lile duka kubwa la vifaa lililo pembezoni mwa mji, lenye maegesho makubwa kuliko uwanja wa mpira, nikachukua pakiti iliyoandikwa kwamba inafaa madirisha mengi. Neno "mengi" lingetosha kunishtua. Nilipofika nyumbani niliifunga, skrubu zikaingia, ikakaa vizuri, ikapendeza. Nikaizungusha. Ikazunguka bila kushika kitu, kama usukani wa gari la mtoto la kuchezea. Nyuma ya hendo kuna pini ya mraba ya chuma inayoingia ndani ya fremu kuzungusha mashine, na pini ya hii niliyonunua ilikuwa fupi. Haikuifikia mashine kabisa.

Siku iliyofuata nilitia hendo zote mbili mfukoni, iliyovunjika na iliyonidanganya, nikaenda Belgrave Road. Huo ndio mtaa wa dhahabu na sari wa Leicester, na pembezoni mwake kuna maduka madogo ya vifaa ambako kila kitu kimening'inizwa darini na mwenye duka ndiye anayejua kilipo. Nilikuwa nimeingia huku naongea na shemeji kwenye simu. Nikasema neno "hendo". Mzee wa Kihindi nyuma ya kaunta akainua kichwa.

"Hendo ya dirisha ama ya mlango?"

Nikakata simu bila kuaga. "Shikamoo, mzee," nikasema, kwa mshangao tu.

Akacheka. "Hiyo shikamoo yako ni ya Tanzania. Sisi wa Kisumu hatukuizoea. Habari yako, mama?"

Alikuja Leicester akiwa kijana mwaka 1968, pamoja na wazazi, katika ile pilikapilika ya Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakikimbilia kuingia kabla Bunge la London halijapitisha sheria ya kuwazuia. Ilipitishwa Machi mwaka huo huo. Miaka minne baadaye Idi Amin akawafukuza wa Uganda, na Halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije katika mji wao. Walikuja. Mzee alisema baba yake alikuwa fundi wa makufuli Kisumu, na kwamba hajawahi kuelewa kwa nini watu wanakwenda kununua hendo bila kupima.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kwenye duka kubwa: "Ilivunjikaje?"

Nikamweleza. Ilikuwa ngumu, nikalazimisha.

"Ngumu tangu lini?"

Nikafikiri. Tangu kiangazi. Labda tangu kiangazi cha mwaka jana.

Akaweka ile iliyovunjika juu ya kaunta. "Basi hii haina makosa. Mashine ya ndani imekauka. Nikikuuzia mpya leo ukaifunga hivyo hivyo, tutaonana tena mwezi wa tatu."

Nimeandika makala hii yote ili niseme hilo la mzee. Watu tunanunua hendo kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo iliyokatika. Lakini hendo ni mkono tu. Ndani ya ubao wa dirisha, yaani ile sehemu inayofunguka, kuna gia boksi ndogo, na kutoka kwenye gia boksi unapita utepe wa chuma kando ya ubao wote, wenye vichwa vidogo vya umbo la uyoga. Ukizungusha hendo, uyoga hizo zinateleza na kuingia kwenye vikamatio vilivyoko kwenye fremu. Mafundi wa huku mashine hiyo wanaiita espagi, wamelikata neno la Kifaransa espagnolette, ambalo nalo linawasingizia Wahispania. Vumbi, mvua na miaka vinakausha utepe. Au ubao unashuka milimita mbili tatu kwa uzito wa vioo viwili, uyoga hazilengi tena vikamatio vyake. Mwenye nyumba haoni lolote kati ya hayo. Anachohisi ni ugumu mkononi, na jibu la mwanadamu kwa ugumu ni nguvu.

Mzee alinipimia. Nitaeleza alivyofanya, maana ni jambo la dakika moja na ndilo lililonipotezea siku nzima. Kwanza alichukua rula akapima pini, kuanzia kwenye kitako cha hendo, pale panapolala juu ya fremu, hadi ncha yake. Yangu ya zamani ilikuwa milimita 40. Ile ya duka kubwa ilikuwa 20. Zote mbili zilikuwa na unene uleule, mraba wa milimita 7, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwani pini inaingia tundu vizuri na bado haifiki. Pini ndefu kupita kiasi si msiba, unaikata kwa msumeno wa chuma. Fupi haina dawa. Halafu akapima kutoka katikati ya skrubu ya juu hadi katikati ya ya chini: milimita 43. Kipimo hicho ni kama sheria isiyoandikwa ya madirisha ya Ulaya ya aina hii, na hata hendo za madirisha ya Kijerumani yanayoinama kwa ndani hutumia kipimo hicho hicho.

Jambo la tatu ni upande. Hendo nyingine zimenyooka, unazifunga popote. Nyingine mkono wake umepinda kidogo ili vidole visikwaruze ukuta, na hizo zina za kushoto na za kulia, ukitazama ukiwa ndani ya nyumba. Mzee alisema watengenezaji hawakubaliani hata kidogo nini kiitwe kushoto, kwa hiyo yeye haamini maneno ya mteja. Anaamini hendo ya zamani iliyoletwa mkononi, au picha ya dirisha likiwa limefungwa.

Sio kila dirisha lina pini. Nilipomwambia nitahesabu za nyumba nzima, alinionya nisishangae. Na kweli, madirisha saba, aina tatu. Matano ni ya pini. La bafuni lina hendo ya ulimi, ambayo chini yake kuna bapa la chuma badala ya pini ya mraba, na bapa hilo ndilo linalosukuma utepe. Ukiipelekea dirisha la ulimi hendo ya pini, mtatazamana tu. La stoo, la zamani kuliko yote, halina mashine yoyote ndani. Hendo yake ina pua inayotokeza pembeni na kukandamiza kabari iliyoko kwenye fremu. Waingereza wanaiita kwa jina la kipi cha jogoo, ule mwiba wa nyuma ya mguu, na ukiitazama utakubali kwamba aliyeipa jina hilo alifuga kuku. Kwa hiyo unapima kimo, kutoka chini ya kitako hadi chini ya pua. Ikizidi, inapita juu ya kabari bila kuigusa. Ikipungua, inagonga kabari na haipiti. Hilo la stoo nimeliacha kama lilivyo, lina afya kunizidi.

Hendo nililipia paundi 9. Pia aliniuzia kichupa cha mafuta ya cherehani, na akanikataza kile kipulizio cha kopo ambacho kila Mwingereza anacho chini ya sinki. Kile, alisema, kinafukuza maji na kulegeza kutu, halafu kinakauka na kukuacha ulipokuwa. Na mafuta yenyewe niyaweke kwenye chuma tu, nisiguse ile mipira myeusi inayozunguka dirisha, maana mafuta ya petroli huivimbisha ikaanza kuvuja upepo.

Kazi yenyewe niliifanya mchana, watoto wakiwa shule. Bisibisi ndiyo iliyonipa somo la kwanza. Skrubu za huku zina msalaba unaofanana na ule tuliouzoea lakini si wenyewe. Ukichungulia utaona mistari midogo minne ya ziada kati ya mikono ya msalaba, na bisibisi ya kawaida inaruka na kuula mdomo wa skrubu. Nilikuwa nimekwisha kuila moja siku ya kwanza. Skrubu mbili zinaonekana ukiugeuza mkono wa hendo ulale, wakati mwingine zimefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki vinavyobanduliwa kwa ncha ya kisu. Haziingii kwenye plastiki. Zinaingia kwenye mwili wa gia boksi ndani, ndiyo maana hazikubali drili wala mabavu, na ndiyo maana skrubu ndefu kuliko ilivyotakiwa inaweza kugonga mashine na kuikwamisha.

Nikachomoa pini kwenye kitako cha hendo ya zamani. Nikaishika pini kwa koleo, nikaichomeka tena peke yake tunduni, nikawa na funguo ya mashine. (Hiyo pia ndiyo njia ya kujiokoa hendo ikikatika dirisha likiwa limefungwa kabisa. Fungua skrubu, ondoa kitako, geuza mraba kwa koleo, dirisha litafunguka bila kuvunja kioo.) Nikadondosha mafuta matone matatu ndani ya tundu na mengine kando ya utepe, kila penye uyoga. Nikazungusha mbele kidogo, nyuma kidogo. Mwanzoni ilikwaruza. Kikatoka kitu cheusi kama masizi ya chungu. Nikafuta, nikaongeza tone, nikarudia. Baada ya robo saa pini iligeuka kwa vidole viwili, bila koleo, na nikakaa pale naizungusha kwenda na kurudi kama mtu aliyepewa redio mpya.

Mzee alikuwa amenionya jambo moja mara mbili: nisifunge dirisha kabla ya kujaribu. Hendo mpya unaifunga dirisha likiwa wazi, mashine ikiwa katika hali ya kufunguka, mkono ukiwa umelala. Unazungusha ukitazama uyoga zikitembea. Zikitembea na kurudi, ndipo unafunga. Anayefunga kwanza na kujaribu baadaye anaweza kujikuta amejifungia dirisha ambalo hendo yake haifungui. Skrubu nazo zikazwe hadi kitako kitulie, basi. Ukizidisha, kitako kinabana na hendo inakuwa ngumu tena, na umejirudishia ugonjwa ule ule kwa njia ya mbele.

Sasa nirudi kwa shemeji na nondo zake, maana nimefikiri sana kuhusu swali lake. Nondo zinampa usingizi, lakini siku moto ukiwaka jikoni, zinamfungia ndani yeye na wanawe. Huku kanuni za ujenzi zinataka baadhi ya madirisha ya vyumba vya kulala yawe njia ya kutokea: uwazi usiopungua theluthi moja ya mita ya mraba, upana na kimo visivyopungua milimita 450, na ukingo wa chini usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Vipimo hivyo havina maana hendo ikiwa imefungwa kwa funguo na funguo haijulikani ilipo. Hendo yangu mpya ina kifunguo kidogo. Nimekitundika kwenye msumari upande wa pazia, juu ya mikono ya mtoto, chini ya mkono wangu. Shemeji kasema atafikiria kuweka bawaba na kufuli kwenye nondo za chumba kimoja. Tutaona.

Kuna na jambo la hewa. Wengi wetu tuliotoka Pwani tukifika huku tunaogopa baridi hadi tunasahau kufungua, na dirisha lenye hendo mbovu linatupa kisingizio. Pumzi za watu watano, maji ya wali yanayochemka, nguo zinazokaukia juu ya rejeta, vyote vinageuka jasho juu ya kioo na kuvu jeusi kwenye kona. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale, na mchunguzi wa vifo akaeleza mwaka 2022 kwamba chanzo kilikuwa kuvu la nyumba waliyopangishwa, ambalo wazazi wake walikuwa wamelilalamikia. Leo kuna sheria yenye jina lake. Kwa mpangaji mwenzangu niseme hivi: madirisha ni wajibu wa mwenye nyumba kuyatengeneza, sheria ya 1985 inasema hivyo, kwa hiyo hendo ikikatika andika barua au ujumbe wenye tarehe kabla hujafika kwa mzee wa Belgrave Road. Sisi tumenunua nyumba kwa mkopo. Mwenye nyumba ni mimi, na nilijiandikia mwenyewe.

Mke wa shemeji ananiuliza kama haya yanawahusu wao. Yanawahusu zaidi kuliko wanavyodhani. Madirisha ya plastiki yameanza kuonekana kwenye nyumba mpya za Dar es Salaam, ingawa aluminiamu bado ndiyo inayotawala, na hewa ya bahari haina huruma na hendo za zinki. Rangi ikishachubuka, chumvi inaingia, na unaona unga mweupe ukitokeza chini ya rangi kama ukoko. Anayejenga karibu na maji na aulize hendo ya chuma cha pua, na aiinue kwanza mkononi asikie uzito.

Baba watoto alirudi asubuhi baada ya mimi kufunga hendo mpya, saa moja kasoro. Kanga nilikuwa nimeifungua na kuifua. Akaingia chumbani kwa watoto, akazungusha hendo, akafungua dirisha, akatazama mvua, akafunga. Hakuuliza kitu. Akaenda kulala.